Abdulwahid Sykes na Mgeni wa Pugu

Abdulwahid Kleist Sykes alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924, katika nyumba ambamo siasa na dini zilikaa jamvi moja. Babake, Kleist, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, kisha wa Al-Jamiatul Islamiyya. Vita vya Pili vya Dunia vilimfikisha Abdulwahid Burma. Aliporejea alijitosa katika TAA, chama kilichorithi kile cha babake.

Mwaka 1953 ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa mwalimu Pugu na mgeni mjini, alimshinda katika uchaguzi wa urais wa TAA. Waislamu wa Dar es Salaam walikuwa tegemeo kuu la chama, na mwana wao ameshindwa! Abdulwahid hakususa. Alimfungulia mshindi mlango wa nyumba yake na, lililo kubwa zaidi, milango ya wazee wa mji.

TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, kadi ya Nyerere ilikuwa nambari 1, ya Abdulwahid nambari 3. Alifariki Oktoba 1968, akiwa na miaka 43. Mjadala kuhusu nafasi yake ulipamba moto Mohamed Said alipochapisha wasifu wake mwaka 1998.