Norbert Wiener: Mwanahesabu wa Wapiga Mizinga

Askari yeyote aliyepata kulenga shabaha inayokwenda ajua kwamba haipigi pale aionapo, bali pale itakapokuwa. Mwindaji wa kanga hulijua hilo bila ya kufundishwa chuoni. Lakini ndege ya vita si kanga. Ndege yenye mwendo wa kilomita 450 kwa saa hukata mita 125 kila sekunde. Na ikiwa kombora la mzinga lachukua sekunde 20 kufika huko juu, ndege imekwisha kwenda kilomita 2 na nusu. Mpiga mzinga atajuaje mahali pa kulipeleka kombora lake? Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu aliyelikabili swali hilo kwa kalamu na karatasi.

Norbert Wiener alizaliwa tarehe 26 Novemba, 1894, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, Leo Wiener, mhamiaji kutoka Białystok, alikuwa mwalimu wa lugha za Kislavi katika Chuo Kikuu cha Harvard, naye alimfundisha mwanawe kwa ukali mwingi. Mtoto huyo aliingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 11, akapata shahada ya udaktari Harvard akiwa na miaka 18. Kisha alivuka bahari kwenda kusoma Cambridge na Göttingen.

Macho yake yalikuwa mabovu, na miwani yake ilikuwa minene. Hakuwa mtu wa kutazamiwa kuwa mlenga shabaha. Hata hivyo, mwaka 1918 aliwekwa katika kituo cha majaribio ya silaha cha Aberdeen, Maryland, akihesabu majedwali ya kulengea mizinga. Mwaka 1919 akaanza kufundisha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Huko alichunguza jinsi chembe ndogo mno zinavyotapatapa majini, akaonyesha kwamba hata mwendo usio na mpango waweza kuhesabiwa.

Elimu hiyo ilihitajiwa vita vilipowaka. Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa ikipigwa mabomu kutoka angani, na Wiener, akisaidiwa na mhandisi Julian Bigelow, alianza kutafuta njia ya kubashiri mwendo wa ndege. Vipimo vya chombo kifuatacho ndege havitulii: katika kila kipimo ukweli umechanganyika na makosa. Mzinga ukiamini kila kipimo, utayumba kama mlevi. Ukivipuuza, utabaki nyuma ya ndege. Wiener alitaka kupata chujio la hesabu, litakaloupitisha ukweli na kuyazuia makosa. Aliona pia kwamba rubani anayeshambuliwa, hata akipindapinda, hawezi kufanya lolote alitakalo, kwa kuwa uzito wa ndege na mazoea ya mwili wake vyamfunga. Kwa hiyo mwendo wake uliopita watoa habari za mwendo ujao, si kwa hakika, bali kwa kiasi kiwezacho kukadiriwa.

Taarifa yake ya siri ilitolewa Februari 1942, ikiwa imejaa hesabu zilizowatoa jasho wahandisi wengi. Katika Urusi ya Kisovyeti Andrei Kolmogorov naye alikuwa amekwisha kuifikia hesabu ya namna hiyo mwaka 1941, kila mmoja kwa njia yake.

Hapa ndipo mtu alipopimwa. Mwanzoni mwa mwaka 1943 njia yake ililinganishwa na njia nyepesi zaidi ya Hendrik Bode wa maabara ya Bell. Ikaonekana kuwa ya Wiener ilizidi kidogo tu. Hakuficha wala hakubishana. Alitoa matokeo kama yalivyokuwa, na kazi hiyo ikasimamishwa. Mizinga iliyotungua mabomu ya Kijerumani ya V-1 kusini mwa Uingereza mwaka 1944 iliongozwa na rada ya SCR-584 na mashine ya hesabu ya Bell.

Baada ya mabomu ya atomiki ya mwaka 1945, Wiener alikataa kuwapa taarifa yake watengenezaji wa makombora, akatangaza hayo hadharani Januari 1947. Yeye alikuwa raia. Sisi tuliokula kiapo hatuna uhuru huo wa kuchagua kazi. Lakini hata kwetu, anayelenga hana budi kujua analenga nini.

Mwaka 1948 alitoa kitabu chake cha Cybernetics, jina litokanalo na neno la Kiyunani la mshika usukani. Alifariki Stockholm tarehe 18 Machi, 1964, akiwa na umri wa miaka 69.

Chujio lake halikufa. Mwaka 1960 Rudolf Kalman alilichukua swali lile lile, akalijibu kwa hatua ziwezazo kufuatwa na kompyuta: kadiria, tazama, sahihisha, kisha rudia. Zamani shabaha ilihesabiwa kuwa nukta moja. Rada za leo zenye macho makali hupata miangwi mingi kutoka meli moja: omo, mlingoti na tezi. Basi chujio hukadiria mahali na mwendo, na pia urefu na upana, mara nyingi kwa kuizungushia miangwi hiyo umbo la yai. Kwa njia hiyo mashua ya wavuvi yaweza kutofautishwa na manowari kabla amri ya kupiga haijatolewa.

Mlinzi wa zamu hana kompyuta, lakini kanuni hiyo yamhusu. Habari ya kwanza haimezwi nzima wala haitupwi. Hulinganishwa na zilizotangulia, ikapewa uzito wake. Asiyefanya hivyo aweza kumpiga mwenzake gizani.