Einthoven: Msomi aliyeufanya moyo uandike siri zake

MGONJWA anapofika hospitalini akilalamikia maumivu ya kifua, aghalabu kipimo cha kwanza anachofanyiwa ni kile cha ECG. Hubandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, na punde si punde mashine hutoa karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka.

Kipimo hicho hakimuumizi wala hakichukui muda. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba ni tunda la jasho la miaka mingi la msomi wa Uholanzi, marehemu Profesa Willem Einthoven.

Einthoven alizaliwa Mei 21, 1860, mjini Semarang katika kisiwa cha Java, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Uholanzi na leo ni sehemu ya Indonesia. Babake, aliyekuwa daktari, aliaga dunia Willem akiwa angali mtoto mdogo. Mnamo 1870, mamake aliyebaki mjane aliwachukua watoto wake sita na kuhamia nao Utrecht, Uholanzi.

Yatima huyo alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Mnamo 1885, akiwa na umri wa miaka 25 pekee, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden, kufundisha elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi. Hakuihama Leiden hadi kifo chake.

Kwamba moyo hutoa umeme kila unapopiga halikuwa jambo geni. Mnamo 1887, Augustus Waller alikuwa amefaulu jijini London kuunasa umeme huo bila kumpasua mtu, kwa kutumia kifaa chenye zebaki. Ila zebaki ilisonga polepole mno, na alama zake zilihitaji kusahihishwa kwa hesabu ndefu.

Einthoven alizifanya hesabu hizo kwa subira. Ni katika kazi hiyo ambapo aliyapa mawimbi ya moyo majina ya herufi P, Q, R, S na T, ambazo madaktari kote ulimwenguni wangali wanazitumia.

Alipochoshwa na zebaki, aliamua kuunda kifaa chake mwenyewe. Alihitaji uzi mwembamba kupindukia. Madini ya kwatzi yaliyeyushwa kwa moto, kisha mshale uliofungwa kwenye madini hayo ukafyatuliwa, ukauvuta uzi usioonekana kwa urahisi. Uzi huo ulipakwa fedha na kutandazwa kati ya sumaku mbili zenye nguvu. Umeme wa moyo ulipoupitia, ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha.

Mashine hiyo, aliyoitangaza mnamo 1901, ilikuwa na uzani wa takriban kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa aliketi mikono na mguu vikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi.

Kwa kuwa haikuwezekana kuipeleka wodini, mnamo 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuleta umeme wa mioyo ya wagonjwa kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Baadaye, Thomas Lewis wa London aliitumia mashine hiyo kuchunguza mioyo inayopiga bila mpangilio, na matabibu wakatambua thamani yake.

Mnamo 1924, Einthoven alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba alimkumbuka msaidizi wake wa maabara, van der Woerd, aliyemsaidia kuunda vifaa hivyo kwa miaka mingi. Alipomtafuta, alipata kwamba alikuwa amekwisha kufa, akiacha dada wawili waliokuwa wakiishi maisha ya dhiki. Einthoven aliwapelekea nusu ya fedha za tuzo.

Profesa huyo alifariki Septemba 29, 1927, mjini Leiden, baada ya kuugua saratani.

Leo, mashine ya ECG hubebwa mkononi. Huwawezesha madaktari kugundua mshtuko wa moyo, mapigo yasiyo na mpangilio na dalili za moyo uliopanuka. Hata hivyo, matokeo yake yanaweza kuonekana sawa ilhali mshipa wa moyo umeanza kuziba. Ndiposa madaktari huongeza vipimo vya damu, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, au kumpima mgonjwa akiwa anatembea kwenye mashine ya mazoezi.

Vipimo hivyo vyote vilikuja baadaye. Katika enzi ya Einthoven, tabibu alitegemea sikio, vidole na maelezo ya mgonjwa. Karatasi ile yenye mistari ndiyo iliyompa ushahidi wa kuonekana kwa macho.