Malpighi, Mtu Aliyeziona Kapilari

Kama ulisoma Baiolojia sekondari, jina la Malpighi ulishalikariri hata kama sasa umelisahau. Lipo kwenye ngozi, tabaka la Malpighi. Lipo kwenye figo. Lipo hata kwenye mende, ile mirija myembamba kama nyuzi inayochuja uchafu tumboni mwake. Mimi nililikariri, nikaliandika kwenye mtihani, nikapata maksi zangu, yakaisha. Sikuwahi kujiuliza kama Malpighi ni mtu.

Mwaka huu nimemrudia kwa sababu mbili. Nasomea ualimu, na kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa mada ya mzunguko wa damu. Mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa akauliza: kapilari zilijulikanaje kama hazionekani kwa macho? Nikamwambia tutaangalia kipindi kijacho, jibu letu walimu wote tukibanwa. Sababu ya pili ni babu yangu, mwalimu mstaafu, ninayekaa naye hapa Upanga. Huyo nitamfikia.

Marcello Malpighi alizaliwa mwaka 1628 Crevalcore, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Bologna, Italia. Mwaka huohuo daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kilichowaudhi wakubwa wengi wa tiba: kwamba damu inazunguka, inatoka kwenye moyo na kurudi kwenye moyo, haiishii njiani. Harvey alikuwa na ushahidi mzuri, ila kulikuwa na pengo moja kubwa. Damu inatoka kwa ateri, inarudi kwa vena, sawa. Katikati inapitia wapi? Hakujua. Alikufa mwaka 1657 bila kujua.

Malpighi aliingia chuo kikuu cha Bologna mwaka 1646. Miaka mitatu baadaye baba na mama yake walifariki, na yeye ndiye alikuwa mkubwa kwa wadogo zake. Waliopo hapa chuoni wakiwa wanalea wadogo zao kwa bumu la mkopo wataelewa hali hiyo bila mimi kuieleza. Masomo yaliyumba lakini hakuacha. Juu ya hayo, wakubwa wa chuo walimwekea vikwazo kwa sababu hakuzaliwa Bologna mjini. Shahada zake za tiba na falsafa alizipata mwaka 1653.

Mwaka 1656 alipata kazi ya kufundisha Pisa, na huko akakutana na Giovanni Borelli, mtu wa hesabu. Hawa wawili walifaana sana. Borelli alimzoesha kuutazama mwili kama mashine, yaani kitu chenye sehemu zinazosukuma na kuvuta, unachoweza kukipima. Malpighi kwa upande wake alikuwa na mkono mtulivu wa kupasua wanyama. Hewa ya Pisa haikumkubali, akaugua, akarudi Bologna mwaka 1659. Afya yake ilikuwa mbovu maisha yote: mawe kwenye figo, na moyo uliokuwa ukimdunda vibaya. Naomba uushike huo moyo, tutauhitaji.

Bologna ndiko alikochukua hadubini, kifaa ambacho kwa wengi wakati ule kilikuwa kama mchezo wa matajiri, akakielekeza kwenye mapafu. Alianza na wanyama wakubwa, akashindwa. Kila kitu kilikuwa kinene mno, mwanga haupiti. Ndipo akamgeukia chura. Pafu la chura ni kama kimfuko chembamba. Ukilipuliza hewa likajaa, mwanga unapita. Humo akauona wavu. Mishipa myembamba sana iliyounganisha ateri na vena, na damu haikuwa ikimwagika ovyo ndani ya nyama kama watu walivyodhani, ilikuwa ndani ya mirija muda wote. Alichapisha matokeo mwaka 1661 kwa barua mbili alizomwandikia Borelli. Alikuwa ametumia vyura wengi kiasi kwamba mwenyewe alitania kuwa karibu aumalize ukoo wao. Pengo la Harvey likazibwa, miaka minne baada ya Harvey kuzikwa.

Kilichobaki cha kazi zake nitakipitia haraka, maana ni kingi: ulimi, figo, kiwavi wa hariri, kifaranga ndani ya yai, mimea. Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa London ilimfanya mwanachama mwaka 1669. Lakini kuna kazi moja nataka tusimame hapo, kwa sababu humo alikosea. Miaka ya 1660 aliuchukua ubongo, akauchemsha, akaumwagia wino, akauangalia. Akaamua kwamba tabaka la juu la ubongo ni mkusanyiko wa vitezi vidogo vinavyotoa majimaji. Hapana. Alichokiona kwa sehemu kubwa kilitokana na kule kuuchemsha. Mtu aliyegundua kapilari alikuwa ameushika mkononi ubongo uliojaa kapilari, asijue zinafanya nini humo.

Zinafanya nini? Hapa nitaacha Italia kidogo, nirudi nyumbani.

Babu alikuwa akitembea kwa miguu kutoka hapa kwetu hadi Kariakoo, ananunua gazeti na dagaa, anarudi. Mwaka jana alianza kupanda ngazi kwa kuburuta. Akianza sentensi anasimama katikati kama anatafuta ufunguo mfukoni. Siku moja alifika Msimbazi akasahau alichofuata, akarudi mikono mitupu, akakasirika tulipomuuliza. Sisi tukasema uzee. Shangazi akasema amechezewa. Halafu asubuhi moja kikombe kikamtoka mkononi na mdomo ukaenda upande.

Hospitalini walimpiga picha ya ubongo. Daktari akatuonyesha kile kiharusi kipya, kisha akatuonyesha vidoa vingine vidogo vya zamani, kadhaa. Hivyo ni viharusi pia, alisema, vilishampiga na hakuna aliyejua, hata mwenyewe. Kwa muda wote ule tuliokuwa tunasema uzee.

Nilivyoelewa baada ya kusoma ni hivi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula takribani asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna ghala. Hauwezi kuweka akiba ya chakula kama ini au misuli, unaishi kwa kinacholetwa sasa hivi. Ndiyo maana umejaa kapilari, karibu kila seli ina yake jirani kabisa. Ukiziunga zote zinakadiriwa kufika kilomita 600 hivi, yaani unapanda basi Dar asubuhi unashuka Arusha jioni. Zote ndani ya fuvu moja. Na zina akili yake: ukianza kusoma, mishipa ya sehemu inayosoma inatanuka, damu inaongezwa pale; ukiacha, inapunguzwa. Tena kuta zake zimebana kuliko za kwingine mwilini, hazipitishi kila takataka iliyomo kwenye damu.

Umri ukienda, mambo hayo yote yanalegea taratibu. Kuta za vimishipa zinakuwa nene na ngumu, njia ya ndani inakuwa nyembamba. Kapilari zingine zinapotea. Nyingine zinajipinda. Ule ubanaji wa kuta unaanza kuvuja. Kutanuka pale kazi inapohitajika kunachelewa, na mtu naye anachelewa: kujibu, kutembea, kukumbuka neno. Haya humpata kila anayezeeka, kwa kiasi. Kinachoyaharakisha kuliko vyote ni presha. Ndani kabisa ya ubongo kuna vimishipa vinavyochomoza moja kwa moja kutoka kwenye ateri kubwa, kama bomba la nusu inchi lililochomekwa kwenye bomba kuu la mtaa. Msukumo ukiwa mkubwa, hivyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Vinaziba, na kidoa kinabaki. Au vinapasuka.

Na hapa kwetu jambo hili si dogo. Watafiti waliohesabu wagonjwa wa kiharusi kati ya mwaka 2003 na 2006 walikuta, wakishalinganisha umri, kwamba Hai kule Kilimanjaro walikuwa kama 109 wapya kwa mwaka katika kila watu 100,000. Maeneo ya Dar es Salaam waliyoyachunguza, 316 hivi. Karibu mara tatu. Mjini kwetu.

Presha ya Babu siku ile ilikuwa 190 kwa 110. Dawa alishaandikiwa zamani, na aliyekuwa akitumwa kuzinunua ni mimi. Zilipoisha alisema anajisikia vizuri, haumwi kitu, nisihangaike. Nikaona sawa. Hela nikaweka bando. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikiifuta, basi ikae.

Turudi kwa Malpighi. Uzee wake haukuwa wa kutulia. Kati ya familia yake na ya Sbaraglia kulikuwa na ugomvi wa ardhi tangu zamani, na ndugu yake Malpighi alimuua mmoja wa akina Sbaraglia. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, hadubini na karatasi za miaka vikateketea (waliokuwa Kariakoo usiku ule wa Julai 2021 soko lilipoungua wanajua sura ya mtu anayetazama kazi yake ikiwaka). Mwaka 1689 Sbaraglia mwingine, profesa mwenzake, akachapisha kijitabu kudai kwamba kuchungulia vitu vidogo kwa hadubini hakumsaidii mgonjwa hata mmoja. Hili lilimuuma sana mzee. Na tuwe wakweli, kwa wakati ule Sbaraglia hakuwa mjinga. Kapilari zilijulikana, lakini hakuna aliyepona kwa sababu zilijulikana.

Mwaka 1691 Papa Innocent XII alimwita Roma awe daktari wake. Hakutaka, alikuwa mgonjwa, lakini kwa Papa hukatai. Alikwenda. Julai 1694 akapata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Alijikongoja, akapata nafuu kiasi. Mwaka huohuo akafiwa na mkewe, Francesca. Mwishoni mwa Novemba kiharusi cha pili kikampiga, akafa. Alikuwa na miaka 66.

Daktari kijana, Giorgio Baglivi, ndiye aliyeufungua mwili wake. Ndani ya ubongo alikuta damu nyingi nyeusi iliyoganda. Kwenye kifua alikuta moyo mkubwa, ukuta wa chumba cha kushoto ukiwa mnene kama vidole viwili. Baglivi aliandika alichokiona, kwa uangalifu, bila kujua anaandika nini. Madaktari wa leo wakiisoma ripoti ile wanaona presha: moyo haunenepi hivyo mpaka uwe umesukuma kwa nguvu miaka mingi, na vimishipa vya ubongoni ndivyo vilivyokuwa vinapokea msukumo huo. Vilevile alivyokuwa wa kwanza kuviona, kwenye pafu la chura.

Hangeweza kujua. Msukumo wa damu ulipimwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza Stephen Hales, kwa kuchomeka mrija kwenye mshipa wa farasi, akachapisha mwaka 1733. Mkanda wa kufunga mkononi, babu wa hizi mashine za leo, aliutengeneza Mwitaliano mwingine, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Miaka 200 na zaidi baada ya Malpighi kuzikwa Bologna, alikotaka azikwe.

Mazoezi ya kufundisha yaliisha kabla sijapata hicho kipindi kijacho, kwa hiyo yule mwanafunzi wa nyuma bado namdai jibu.

Babu mkono wa kulia bado mzito. Tumenunua mashine, kila asubuhi namfunga mkanda, yeye ananiita mchumba na kulalamika nimebana sana. Alifundisha Hesabu miaka mingi, hivyo namba haniachii niandike mimi. Ana daftari la mraba, anaandika kwa mkono wa kushoto, tarehe, ya juu, ya chini, na safu ya mwisho ni tiki ya dawa. Jana ilisoma 148 kwa 88. Akaandika, akapiga mstari chini yake kwa rula, akauliza chai iko wapi.