Gilbreth: Mwashi aliyefunza viwanda kupunguza jasho

FRANK Bunker Gilbreth alizaliwa Julai 7, 1868 mjini Fairfield, jimbo la Maine, Marekani. Mnamo 1885, akiwa na umri wa miaka 17, aliipa kisogo fursa ya masomo ya chuo kikuu na kujiunga na waashi kama mwanagenzi.

Huko alikumbana na swali ambalo hakuliacha maishani. Mafundi waliomfunza walijenga ukuta uleule, ilhali kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuinama, kuokota tofali na kuliweka. Ipi ilikuwa bora?

Aliichambua kazi hiyo hatua kwa hatua. Aligundua kuwa mwashi aliinama kwa kila tofali, akiushusha na kuuinua mwili mzima kwa ajili ya mzigo mdogo. Akabuni jukwaa lililopandishwa kadiri ukuta ulivyopanda, matofali yakiwa karibu na mkono. Miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikapungua hadi takriban mitano.

Mnamo 1904 alimwoa Lillian Moller, aliyekuja kuwa msomi wa saikolojia na mshirika wake kazini. Frederick Taylor alivuma kwa kupima kazi kwa saa; wawili hawa walitumia kamera za filamu, wakisaka miondoko isiyo na faida na uchovu unaoepukika. Hata vyumba vya upasuaji walivichunguza, wakapendekeza muuguzi amkabidhi daktari vifaa badala ya daktari kuvitafuta mwenyewe.

Hata hivyo, baadhi ya vyama vya wafanyakazi viliushuku utaratibu huo, vikihofia kwamba faida ingemwendea mwajiri huku kibarua akizidishiwa kazi.

Mnamo 1921 Gilbreth aliwaonyesha wahandisi wenzake michoro iliyoeleza kwa alama safari nzima ya kazi: inapofanywa, inaposafirishwa, inapokaguliwa na inapolala ikisubiri.

Alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo Juni 14, 1924, katika kituo cha reli cha Montclair, New Jersey, akizungumza na mkewe kwa simu. Baadhi ya kampuni zilikataa kumpa mjane huyo kandarasi kwa kuwa ni mwanamke. Lillian hakutetereka, alielekeza utafiti wake jikoni, na mnamo 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue.

Hadi leo, anayechora safari ya faili kutoka meza moja hadi nyingine, kabla ya kuamua ni meza ipi iondolewe, anafuata njia iliyofunguliwa na mwashi huyo.