Tom Mboya: Mwana wa mnyapara wa mkonge aliyewavusha vijana hadi vyuo vya Marekani

Thomas Joseph Mboya hukumbukwa zaidi kwa vyama vya wafanyakazi, kwa mazungumzo ya uhuru na kwa risasi zilizoyakatisha maisha yake Julai 1969. Ipo kazi nyingine aliyoianza akiwa na umri wa miaka 28, kabla hajawa waziri na kabla Kenya haijapandisha bendera yake: kuwatafutia vijana wa Afrika Mashariki njia ya kuingia katika vyuo vya Marekani na, jambo lililokuwa gumu zaidi, kuwatafutia fedha za kufika huko.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, lakini mtoto alikua miongoni mwa vibarua wa makabila mengi, akazijua lugha zao pamoja na Kiswahili, ambacho baadaye kilimpa umaarufu katika mikutano ya hadhara ya Nairobi. Alisoma katika shule za misheni za Kabaa na Yala, kisha akajiunga na Mang'u. Hapo ndipo mfuko wa mzee Ndiege ulipofika ukomo. Kijana alifaulu mtihani wake wa sekondari, ila karo ya kuendelea hadi cheti cha Cambridge haikupatikana. Kwa kijana Mwafrika wa wakati ule, bila cheti hicho mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa.

Akasomea ukaguzi wa afya katika Shule ya Jeanes, Kabete, kwa kuwa mafunzo hayo hayakudai karo, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mshahara wake haukulingana na wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ileile. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia ofisini na sampuli ya maziwa, akamwona Mboya ameketi mezani, kisha akauliza kama hamna mtu humo ndani. Haikuchukua muda akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953, wakati viongozi wengi walikuwa kizuizini kwa sababu ya Hali ya Hatari, akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi.

Mwaka 1955 alipata ufadhili wa kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi. Huo ndio uliokuwa upeo wa masomo yake ya darasani. Alipotoka huko mwaka 1956 alipitia Marekani kwa mara ya kwanza, akafahamiana na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege. Urafiki huo ulizaa matunda ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyatazamia.

Yafaa kueleza hali ilivyokuwa. Katika Afrika Mashariki yote, chuo kilichotoa shahada kilikuwa Makerere, na nafasi zake zilikuwa chache. Serikali ya kikoloni ilipeleka Uingereza wanafunzi wachache iliowachagua yenyewe. Marekani mambo yalikuwa tofauti: kila chuo kilijiamulia nani aingie na nani asaidiwe, bila kusubiri idhini ya wizara yoyote. Kijana wa Nyeri au Kisumu aliweza kuketi, akaandika barua kwa mkono wake, akaeleza alama zake na umaskini wa nyumbani kwao, na baada ya miezi kadhaa akapokea jibu la kukubaliwa pamoja na msamaha wa karo.

Barua hiyo haikuwa tiketi. Ufadhili ulilipia masomo, pengine na malazi. Nauli ya ndege haikuwamo. Isitoshe, mwanafunzi alitakiwa kuthibitisha kuwa anazo fedha za kujikimu ndipo aruhusiwe kusafiri. Familia ziliuza ng'ombe na mashamba. Vijiji viliandaa karamu za chai na matamasha ya kuchangisha, na wakati mwingine michango ya lokesheni nzima haikutosha kumvusha kijana mmoja. Wengi walibaki na barua zao mikononi hadi muhula ukaanza bila wao.

Mboya, ambaye karo ilikuwa imemkwamisha Mang'u, hakuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwezi Machi 1957 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 aliongoza kikao cha Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mjini Accra. Alipokwenda tena Marekani mwaka 1959, jina lake lilikuwa limemtangulia. Alizunguka nchi hiyo akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, na kila alipokwenda aliomba nafasi za masomo. Scheinman na wenzake walikuwa wameanzisha Wakfu wa Wanafunzi wa Kiafrika na Wamarekani. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia saini barua ya kuomba michango, na maelfu ya Wamarekani wa kawaida wakatoa. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kukodi ndege nzima kulipunguza gharama ya kila abiria.

Nyumbani, kazi ya kuwachuja waombaji aliifanya pamoja na Dkt. Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, ambao wote wawili walikuwa wamesoma Marekani. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege hiyo, umati ukiwasindikiza uwanjani. Maofisa wa kikoloni hawakufurahi. Walidai kuwa vyuo vya Marekani vilikuwa hafifu na kwamba vijana hao hawakuwa na sifa za elimu ya juu. Hoja ya sifa ilikuwa na uzito wake, kwa kuwa vyuo vilivyowapokea havikulingana kwa hadhi. Lakini ilitolewa na serikali ileile iliyokuwa imejenga shule chache za sekondari kwa Waafrika.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka, wakiwemo wa Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na fedha hazikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, naye Kennedy wakati huo alikuwa mgombea urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Wizara ikageuka ghafla na kutangaza kiasi kama hicho, Makamu wa Rais Richard Nixon akiwa nyuma ya mabadiliko hayo, na suala la nauli za wanafunzi likazua mabishano katika Seneti. Mboya hakujali nani angejipatia sifa, mradi ndege ziruke. Ziliruka, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 200. Hadi mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umewasaidia takriban wanafunzi 800.

Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyepelekwa Chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, hakuwamo katika ndege ya 1959, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Alikwenda Hawaii kwa msaada wa marafiki wa Kimarekani waliokuwa Nairobi, na mwaka 1962 akaingia Harvard. Alikuwa, hata hivyo, rafiki wa Mboya.

Mboya alishika wizara za Kazi, Katiba na Sheria, kisha Mipango ya Uchumi, ambako Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 uliandaliwa. Mkewe, Pamela Odede, waliyeoana Januari 1962, naye alikuwa amesoma Marekani, katika chuo kimoja cha Ohio.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa za mchana, Mboya aliingia katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Obama alikutana naye hapo nje, wakazungumza kidogo, wakaagana. Dakika chache baadaye Mboya alipigwa risasi mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa kwa mauaji hayo, na miongoni mwa mashahidi waliosimama mahakamani alikuwamo Obama. Mwili wa Mboya ulisafirishwa hadi Rusinga, kisiwa cha wazazi wake, ukazikwa huko.