Sidi Mubarak Bombay, kapita wa njia ya Bagamoyo

Ndugu wachimbaji, hapa Kasuku hata mutoto wa shule anajua jina la Tippu Tip. Stanley na Livingstone tunawajua pia. Lakini kuko mutu mumoja aliyetembea ile njia ya pwani mara nyingi kupita Wazungu wale wote, na alifika mpaka kwetu Maniema. Jina lake Sidi Mubarak Bombay. Burton, Speke, Stanley na Cameron, kila mumoja alimuchukua kazini kwa zamu yake.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 kwa Wayao, kule mupaka wa Tanzania na Msumbiji ya leo. Alipokuwa na miaka kama 12, wafanyabiashara wenye bunduki waliingia kijijini kwao kudai madeni ya zamani, walipwe siku ile ile. Deni, wenzangu, tunajua namna linaingiza mutu katika shimo. Watu walikimbia, wengine wakakamatwa, na yeye mumoja wao. Hakusikia tena habari za baba yake. Aliuzwa Kilwa kwa vitambaa, akavushwa bahari mpaka India, na huko alitumikia bwana wake miaka mingi. Jina la Bombay linatoka kule, ni muji wa Wahindi. Yule bwana alipokufa, Bombay akaachwa huru, akarudi Zanzibar, akaingia kazi ya askari wa sultani.

Mwaka 1857 Burton na Speke walimukuta katika kambi ya Chogwe, upande wa muto Pangani. Speke hakujua Kiswahili, lakini alikuwa ofisa wa jeshi la India, na Bombay alisema Kihindi. Basi maneno yote ya Speke yalikuwa yanapitaka kwanza katika kinywa cha Bombay. Waliondoka pwani mwezi wa sita 1857, wakafika Tabora mwezi wa 11, na Ujiji mwezi wa pili 1858. Ni zaidi ya kilometre 1 200, yote kwa miguu. Mpagazi alikuwa na kilo 30 na zaidi juu ya bega ao kichwa: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Mwenye amebeba mufuko wa kasiterite katika pori la Kalima hana lazima nimueleze zaidi.

Kazi ya Bombay, kwa lugha yetu, ilikuwa ya kapita. Asubuhi anahesabu mizigo. Anagawa posho. Mpagazi akitoroka usiku, yeye njo anatafuta mwingine wa kubeba muzigo wake. Mufalme wa inchi akidai hongo, yeye njo anaenda kubishana. Na Muzungu akikasirika, ngumi inaanzia kwake. Speke alimupiga kwa mikono yake mwenyewe, na yeye mwenyewe aliandika hivyo katika kitabu chake. Stanley alimupiga fimbo.

Safari ya kwanza iliisha 1859 na palaver ya malipo. Burton alikataa kulipa sehemu ya watu waliosema waliahidiwa zawadi; yeye alisema hawakutumika vizuri. Konsula Rigby wa Waingereza kule Zanzibar aliandika barua kwa serikali yake juu ya hawa watu wasiolipwa, na jambo likawa kubwa mpaka London. Hakukuwa sendika wakati ule, lakini madai yalikuwa madai.

Bombay hakukaa nyumbani. Mwaka 1860 aliondoka tena na Speke, pamoja na Grant, wakapita Uganda, wakashuka na muto Nil mpaka Misri. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley katika safari ya kumutafuta Livingstone, wakamukuta Ujiji.

Safari inayotugusa sisi ni ya Cameron. Waliondoka Bagamoyo mwezi wa tatu 1873, Wazungu wane. Mumoja alikufa kwa homa mbele ya kufika Tabora, wa pili alijipiga bunduki akiwa katika homa, wa tatu akarudi pwani. Pale Tabora walikutana na Chuma na Susi waliobeba maiti ya Livingstone kuipeleka baharini. Cameron hakurudi, na Bombay akaendelea naye.

Mwezi wa nane 1874 wakaingia Nyangwe, hapa hapa juu ya muto wetu, upande wa Kasongo. Miaka mitatu mbele, katika soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wamepiga bunduki katikati ya wamama waliokuja kuuza, mamia wakafa. Cameron alitaka kushuka Lualaba kwa mitumbwi. Watu wa muto hawakumuuzia. Kama wangemuuzia, Bombay angepita mbele ya mahali Kindu iko leo. Tippu Tip alikuja akawapeleka kwenye kambi yake, na kutoka pale wakashika njia ya kusini, kwa Waluba wa Kasongo Kalombo, ambako walingoja miezi mingi.

Cameron alilalamika juu ya Bombay: anakunywa pombe, hana ukali, anasimama upande wa wapagazi. Grant alikuwa amemusifu sana, Stanley amemulaumu sana, Cameron akamuweka katikati. Mimi delege wa watumikaji, neno lile la kusimama upande wa wapagazi sioni kama ni kosa. Pombe ni jambo lingine. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, na akachukua tena musafara wa kuvuka Afrika nzima.

Mwezi wa 11 mwaka 1875 wakafika bahari ya magharibi, karibu na Benguela katika Angola, njaa imewamaliza. Cameron alitangulia na watu wachache wenye nguvu, kisha akawatumia wengine chakula. Vitabu vinasema alikuwa Muzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya katikati toka mashariki mpaka magharibi. Sawa, Muzungu. Bombay alitembea njia ile ile.

Chama cha jiografia cha London kilimupa medali ya feza, na mwaka 1876 kikamuwekea pensheni. Wanaopiga hesabu ya maisha yake wanasema alitembea kama kilometre 9 600. Alikufa mwaka 1885, na miaka kama 65. Mwaka ule ule Leopold II wa Ubelgiji alitangaza Congo kuwa dola yake, na katika vita ya 1892 mpaka 1894 watu wake wakashika Nyangwe na Kasongo, na mizigo ikarudi juu ya vichwa vya watu wa Maniema.