Major Taylor: Bingwa wa dunia aliyesogeza usukani mbele, akafa maskini

Ukitazama picha za zamani za Major Taylor akiwa juu ya baiskeli, kitu cha kwanza kinachovuta macho ni usukani wake. Haukai pale unapoutegemea. Umechomoza mbele, mbali na mwili, kana kwamba fundi alikosea vipimo.

Kumbe hakukuwa na kosa lolote. Kipande kile cha chuma kilichosukuma usukani mbele kilikuwa sehemu ya siri ya mmoja wa waendesha baiskeli wenye kasi zaidi waliopata kuishi. Baadaye mafundi na wanamichezo walikipa jina lake, na mpaka leo wapenzi wa baiskeli za zamani hukiita shingo ya Major Taylor.

Lakini maisha ya mtu huyu hayakuwa ya usukani peke yake. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyeshinda ubingwa wa dunia mwaka 1899, wakati ambapo chama kikubwa cha waendesha baiskeli nchini kwake kilikuwa kimeshafunga mlango kwa watu weusi.

Mtoto wa mwendesha farasi

Jina lake kamili ni Marshall Walter Taylor. Alizaliwa Novemba 26, 1878 mjini Indianapolis, jimbo la Indiana. Wazazi wake, Gilbert na Saphronia, walikuwa na watoto wanane. Baba aliwahi kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kaskazini, kisha akawa mwendesha gari la farasi la familia tajiri ya wazungu iliyoitwa Southard.

Familia hiyo ilikuwa na mtoto wa kiume, Daniel, wa rika la Marshall. Watoto hao wakawa marafiki. Marshall akahamia kwao, akala nao, akasoma nao, na kama watoto wengine wa nyumba zile akapewa baiskeli. Kwa mtoto mweusi wa zama zile, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Raha haikudumu. Familia ya Southard ilipohamia Chicago, mama yake Marshall hakukubali kutengana na mwanawe. Kijana akarudi nyumbani kwenye maisha ya kawaida, ila baiskeli alibaki nayo. Akaanza kusambaza magazeti, na njiani akijifundisha michezo ya kila aina juu ya magurudumu mawili.

Siku moja aliingia duka la baiskeli la Hay and Willits kutengenezewa baiskeli yake. Alipokuwa anaondoka akaonyesha mbwembwe zake, wenye duka wakashika vinywa. Hapohapo akapata kazi. Alifagia duka asubuhi, na mchana akaonyesha ufundi wake barabarani mbele ya duka ili kuvuta wateja. Alikuwa akivaa sare ya kijeshi, na watu wakaanza kumwita Major, yaani Meja. Jina likamganda.

Wenye duka ndio waliomwingiza kwenye mashindano yake ya kwanza ya maili 10, akiwa bado mtoto. Waliona kama kichekesho cha kuburudisha watazamaji, wakidhani ataendesha kidogo kisha aache. Akashinda.

Munger amhamishia Worcester

Mtu aliyebadili maisha yake ni Louis Munger, mzungu aliyekuwa bingwa wa baiskeli za gurudumu kubwa kabla ya kuwa mtengenezaji wa baiskeli. Munger alimwajiri Taylor, akamfundisha mazoezi, akamwamini. Urafiki huo haukuwafurahisha wazungu wengi wa Indianapolis.

Mwaka 1895 Munger alihamia Worcester, Massachusetts, akaenda na kijana wake. Huko Taylor alikuta watu waliompokea kwa ukarimu kiasi, na mji huo ukawa nyumbani kwake kwa miaka mingi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1894, chama cha League of American Wheelmen kilipitisha sheria kwamba wanachama wake wawe wazungu tu. Taylor alianza safari yake ya michezo akijua kwamba mbio ngumu zaidi zingekuwa nje ya uwanja.

Desemba 1896, akiwa ametimiza miaka 18 tu, aliingia kwenye mbio za siku sita ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hizo si mbio za mchezo: mtu anazunguka uwanja mchana na usiku, akilala kwa kuibia, mpaka akili inaanza kuona vitu visivyokuwepo. Taylor alimaliza wa nane, akiwa ameendesha maili 1,732, yaani zaidi ya kilomita 2,780.

Hakurudia tena mbio za aina hiyo. Alitambua kwamba kipaji chake kiko kwenye kasi fupi, ile ya kufyatuka mwishoni.

Usukani ulikuwa na kazi gani?

Hapa ndipo kile kipande cha chuma kinapoingia.

Shingo ya usukani ni kile kipande kinachoshika usukani na kuuunganisha na uma wa gurudumu la mbele. Baiskeli za miaka ya 1890 zilikuwa na fremu fupi, na usukani ulikaa karibu na mpandaji. Mtu aliyetaka kuinama ili apunguze upepo alijikuta amejikunja kama kamba (yule wa baharini): mgongo umepinda, magoti yanakaribia viwiko, kifua kimebanwa.

Madaktari wa wakati huo walilipigia kelele jambo hilo. Mgongo wa waendesha baiskeli wa kasi ulipewa hadi jina la Kilatini, kana kwamba ni ugonjwa. Magazeti yakawaonya vijana wakae wima kama waungwana.

Taylor alitumia shingo iliyotoka mbele kama mkono. Usukani uliweza kusogezwa juu ya mkono huo, mbele au nyuma, kisha ukakazwa mahali mpandaji alipotaka. Akausogeza mbele na chini. Mgongo ukanyooka na kulala bapa, kifua kikapata nafasi ya kupumua, miguu ikasukuma bila kugonga kitu.

Kwa mwendo wa mashindano, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa anayoipasua. Anayelala bapa anapasua hewa kidogo kuliko anayekaa wima. Ndiyo maana wengine walianza kuiga, na mkao ule unafanana sana na wa wakimbiaji wa leo.

Akabwa koo baada ya mbio

Kasi pekee haikutosha. Wapinzani wengi waliungana dhidi yake. Walimzingira katikati ili asipate upenyo, walimgonga kwa viwiko, walimsukuma kwenye uzio. Mbinu yake ikawa kuwatoka mapema na kukaa mbele, mahali ambapo hakuna wa kumbana.

Septemba 1897 huko Taunton, Massachusetts, mpinzani mmoja alimvamia baada ya mbio na kumkaba koo mpaka akapoteza fahamu. Polisi ndio waliomwokoa. Adhabu ya mkabaji ikaishia kwenye faini.

Sehemu za Kusini hakuweza kushindana. Hoteli zilimkataa, migahawa ilimkataa. Taylor alikuwa Mkristo wa Kibaptisti, na aliamua kutolipiza kwa ngumi. Alijibu kwenye mstari wa kumalizia.

Bingwa wa dunia

Agosti 10, 1899 mjini Montreal, Canada, Taylor alishinda mbio za maili moja za ubingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 20. Anahesabiwa kuwa mwanamichezo mweusi wa pili kutwaa ubingwa wa dunia, baada ya bondia George Dixon.

Novemba mwaka huohuo, mjini Chicago, aliendesha maili moja nyuma ya chombo cha injini kilichomkinga upepo. Alitumia dakika 1 na sekunde 19. Hiyo ni kasi ya kilomita 73 kwa saa, juu ya baiskeli, wakati ambapo magari yenyewe yalikuwa bado machache.

Mwaka 1900 akawa bingwa wa mbio fupi wa Marekani. Mwaka huo pia alinunua nyumba mtaa mzuri wa Worcester. Baadhi ya majirani wazungu walitaka kuinunua tena ili aondoke. Hakuuza.

Ulaya ilikuwa ikimtaka kwa hamu na kumwekea fedha nyingi mezani, lakini kulikuwa na tatizo moja: mbio kubwa za huko zilifanyika Jumapili, na yeye hakushindana Jumapili kwa sababu ya imani yake. Alikataa fedha mpaka waandaaji wakakubali kupanga siku nyingine.

Mwaka 1901 akatua Ufaransa. Pambano lililosubiriwa lilikuwa dhidi ya Edmond Jacquelin, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1900. Walikutana Mei kwenye uwanja wa Parc des Princes, Paris. Siku ya kwanza kulikuwa na baridi, Jacquelin akashinda. Siku chache baadaye wakarudiana, na safari hii Taylor hakumwachia nafasi. Wafaransa waliokuja kumshangilia mtu wao wakaondoka wakilitaja jina la Mmarekani.

Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris. Akaenda kushindana hadi Australia, ambako mwaka 1904 mtoto wao wa kike alizaliwa mjini Sydney. Wakampa jina la Rita Sydney.

Mwisho wenye uchungu

Mwili ulichoka, na roho pia. Taylor alipumzika miaka kadhaa, akarudi kushindana Ulaya mwaka 1907, kisha mwaka 1910 akatundika baiskeli akiwa na miaka 31.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama. Biashara alizojaribu hazikusimama. Ugonjwa ukaingia. Nyumba ya Worcester ikauzwa, ndoa ikavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichapisha kwa fedha zake kitabu cha maisha yake, akawa anakiuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Bingwa wa dunia, mlango kwa mlango, na kitabu mkononi. Ukaja mdororo mkubwa wa uchumi, na watu wenye fedha za kununua vitabu wakapungua.

Alifariki Juni 21, 1932 katika wodi ya maskini ya hospitali ya Cook County, Chicago. Alikuwa na miaka 53. Hakuna aliyekuja kuchukua mwili. Akazikwa makaburi ya Mount Glenwood, sehemu ya wasio na uwezo, bila alama yoyote juu ya kaburi.

Mwaka 1948 wanamichezo wa zamani wa baiskeli, wakisaidiwa na fedha za Frank Schwinn, mtengenezaji maarufu wa baiskeli, waliufukua mwili wake na kuuzika upya mahali pazuri zaidi katika makaburi hayohayo. Safari hii wakaweka bamba la shaba lenye jina lake.

Mwaka 1982 Indianapolis, mji ambao kijana yule aliuacha nyuma, ulifungua uwanja wa mbio za baiskeli na kuupa jina la Major Taylor. Mwaka 2008 Worcester nao ukamsimamishia sanamu nje ya maktaba ya mji.

Na wewe unayeendesha kwenda kazini?

Shingo ya Taylor ilimfaa Taylor kwa sababu alikuwa anashindana. Kwa anayekwenda sokoni, shuleni au kazini, mkao ule ni mateso. Uzito wote unaangukia mikononi, viganja vinakufa ganzi, shingo inauma kwa kuinua kichwa kutazama magari.

Kanuni ni ileile, ila unaigeuza. Ukitaka kukaa wima, usukani upande juu na usogee karibu nawe. Shingo fupi iliyonyanyuka, pamoja na usukani wenye mikono iliyopinda kurudi nyuma, kama ule wa baiskeli ngumu za kubebea mizigo, huondoa uzito viganjani na kuupeleka kwenye kiti. Ndiyo maana usukani wa namna hiyo huhitaji kiti kipana kidogo.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Shingo nyingi za kuchomeka zina mstari unaoonyesha kikomo cha kuipandisha. Ukiuona umetokeza nje, ishushe, kwa sababu inaweza kuchomoka au kuvunjika ukiwa mwendoni. Pia hakikisha nyaya za breki bado zinafika bila kuvutwa unapokata kona. Na ukifunga shingo fupi kuliko ya zamani, usukani utageuka upesi zaidi, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pasipo na magari.

Taylor hakuikubali baiskeli kama ilivyotoka dukani. Aliilazimisha ifuate mwili wake. Kuhusu watu waliotaka akae pale walipompangia, nako alifanya hivyohivyo.